SHAURI LA BWANA SHAMBA: Kisu hiki ni cha chuma gani?



Mwezi huu sitazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Nataka tuzungumze juu ya kisu. Kila nyumba ina kisu. Kwa kisu tunakata majani ya ng'ombe, tunamenya muhogo, tunachinja kuku, tunakata kamba. Wazee walisema, mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Mwenye kisu butu hula jasho lake.

Msomaji mmoja ameniandikia barua. Anasema alinunua kisu mnadani. Muuzaji alimwambia kwamba kisu hicho ni cha chuma kigumu, hakiishi makali. Juu ya bapa la kisu pamepigwa mhuri wa maneno ya kigeni. Alilipa. Baada ya siku tatu za kukata mabingobingo, makali yakaisha. Akanoa. Kesho yake yakaisha tena. Sasa anauliza: "Bwana Shamba, nitajuaje chuma cha kisu kabla sijalipa?"

Swali hili ni zuri. Lakini kabla ya kulijibu, sina budi kusema ukweli. Niliwahi kulijibu zamani, mbele ya watu wengi, na nilijibu vibaya. Jibu langu karibu limfilisi mzee asiye na kosa. Nitawasimulia, kwa sababu katika kosa langu mna somo.

MZEE MHUNZI NA KISU BUTU

Wakati huo nilikuwa kijana kazini. Nilikuwa na cheti changu cha kilimo, na nilidhani najua mambo mengi.

Katika kijiji kimoja nilichohudumia alikuwako mzee mhunzi. Alifua majembe, mashoka na visu. Aliwaambia wateja wake wote: "Visu vyangu ni vya springi ya lori. Chuma laini situmii."

Kikundi cha akina mama wafugaji kilinunua kwake visu kumi na viwili. Baada ya wiki chache, mama mmoja akaniletea kisu chake.

"Bwana Shamba," alisema, "hiki kisu hakikati hata mgomba."

Nikachukua tupa. Nikaipitisha juu ya makali. Tupa ikauma. Unga wa chuma ukadondoka. Nikachukua msumari, nikapitisha tupa ile ile. Ikauma vile vile. Nikasema: "Mama, hii si springi. Hiki ni chuma laini kama msumari huu. Mzee amewadanganya."

Habari ilienea kijiji kizima jioni ile ile. Siku ya mkutano wa kijiji jambo likaletwa mbele. Nikasimama na tupa yangu, nikaonyesha watu. Watu wakapiga kelele. Ikaamuliwa kwamba mzee arudishe fedha za visu vyote kumi na viwili. Mzee hakuwa na fedha hizo. Alikuwa na mbuzi wawili. Watu wakasema, basi mbuzi wauzwe.

Mzee akasimama. Hakugomba. Alisema: "Bwana Shamba, naomba kumwuliza mama swali moja."

Nikasema: "Uliza, mzee."

"Mama, kisu hiki kimewahi kulala motoni?"

Yule mama akafikiri. Halafu akasema: "Ndiyo, baba. Mpini ulivunjika. Kipande cha mti kikabaki kimeng'ang'ania. Mwanangu akakitia kisu motoni ili kipande kile kiungue. Akakisahau. Tulikikuta asubuhi ndani ya majivu."

Mzee akasema: "Twendeni kwenye kiwanda changu."

Tukaenda sote. Kijana wake akavuta mivukuto. Mzee akakitia kisu kwenye makaa mpaka kikawa chekundu chote. Kisha akakishika kwa koleo, akakizamisha katika kopo la mafuta machakavu ya gari. Moshi ukafuka. Kisu kilipopoa, akakifuta kwa mchanga, akanipa.

"Haya, Bwana Shamba. Jaribu tena tupa yako."

Nikajaribu. Tupa ikateleza kama inapita juu ya kioo. Haikuuma hata kidogo.

Mzee akachukua msumari mkubwa. Akaufanyia vile vile: moto, kisha mafuta. Akanipa. Nikapitisha tupa. Ikauma kama mwanzo.

Akasema: "Chuma laini ni chuma laini. Hata ukikizamisha mara kumi, hakiwi kigumu hivi. Kisu cha mama ni springi. Moto na majivu ndivyo vilivyokilegeza."

Niliona haya. Niliomba radhi pale pale, mbele ya watu wote waliosikia nilipomshitaki. Mzee akacheka kidogo, akasema: "Tupa yako ilisema kweli, Bwana Shamba. Wewe ndiye uliyeisikia vibaya."

Mbuzi wake hawakuuzwa. Mimi nikapata somo ambalo sikulipata chuoni.

MASWALI NI MAWILI, SI MOJA

Kosa langu lilikuwa hili. Tupa hujibu swali moja tu: je, kisu hiki ni kigumu sasa? Mimi nililichukua jibu hilo kuwa jibu la swali jingine: je, kisu hiki kimetengenezwa kwa chuma gani?

Haya ni maswali mawili. Kisu kinaweza kuwa laini kwa sababu mbili. Ya kwanza, chuma chenyewe si chuma cha kisu. Ya pili, chuma ni kizuri, lakini hakikupewa ugumu, au ugumu wake umeharibiwa na moto. Katika sababu ya kwanza, hakuna dawa. Katika sababu ya pili, mhunzi anaweza kukiponya.

Kwa hiyo ni lazima tujue kwanza chuma ni kitu gani.

CHUMA NA PUA

Chuma cha visu huitwa pua. Pua hii si ile ya usoni. Watu wa pwani huita pua nzuri kwa jina la feleji.

Pua ni chuma kilichochanganyika na kaboni. Kaboni ndiyo kitu kikubwa kilichomo katika makaa. Kaboni kidogo tu hubadili tabia ya chuma. Tazama hesabu hii:

Katika kilo 100 za chuma laini, kama cha msumari au waya, kaboni haifiki robo kilo.

Katika kilo 100 za springi ya gari, kaboni ni zaidi ya nusu kilo.

Katika kilo 100 za tupa, kaboni ni kama kilo moja au zaidi kidogo.

Tofauti ni ndogo, lakini kazi yake ni kubwa. Chuma chenye kaboni ya kutosha kikipata moto mpaka kiwe chekundu, karibu nyuzi 800 za Sentigredi, kisha kikapozwa ghafula, kinakuwa kigumu sana. Chuma hicho hicho kikipoa polepole, kama ndani ya majivu, kinakuwa laini. Chuma kisicho na kaboni ya kutosha hakiwi kigumu kiasi cha kushika makali.

Lakini pua iliyopozwa ghafula huwa ngumu mno. Inaweza kuvunjika kama chupa. Kwa hiyo mhunzi huirudisha kwenye joto dogo. Husugua bapa mpaka ling'are, kisha hutazama rangi. Kwanza huja manjano kama majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha bluu. Kisu cha jikoni huondolewa motoni kikiwa manjano au kahawia. Chombo cha kupigia kwa nguvu, kama panga, huachwa mpaka zambarau au bluu, ili kisivunjike.

Mambo haya si mageni kwetu. Huko Kagera, katika kijiji cha Katuruka karibu na Bukoba, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya matanuru ya chuma ya miaka kama elfu mbili iliyopita. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo walijenga tanuru na kuyeyusha chuma mbele ya wataalamu. Chuma walichokipata kilikuwa na kaboni ndani yake. Mwaka 1978 wataalamu hao waliuandikia ulimwengu habari hiyo. Basi, mhunzi wa kijijini asidharauliwe. Kazi yake ina mizizi mirefu.

MAANDISHI HAYAKATI

Sasa turudi kwa msomaji wetu. Kisu chake kina mhuri wa maneno ya kigeni. Je, mhuri si ushahidi?

Mhuri ni maneno ya mtengenezaji, kama vile sifa ni maneno ya muuzaji. Mtu mwaminifu hupiga mhuri wa kweli. Mwongo hupiga mhuri huo huo.

Uongo huu ni wa zamani. Huko Uingereza uko mji wa Sheffield. Visu vyake vilijulikana duniani kote. Katika miaka ya 1880 watengenezaji wa nje, hasa wa mji wa Solingen huko Ujerumani, walikuwa wanapiga jina la Sheffield kwenye visu vyao, vikiwamo visu duni. Malalamiko yakawa mengi. Mwaka 1887 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kuzuia alama za uongo juu ya bidhaa. Baadaye Solingen wenyewe wakapata sifa kubwa ya visu vizuri. Nao wakaona jina lao linaibwa. Mwaka 1938 Ujerumani ikatunga sheria kwamba jina la Solingen lipigwe tu juu ya bidhaa za huko. Waona, ndugu msomaji? Hata jina zuri huhitaji mlinzi.

Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Kazi ya kupambana na bidhaa bandia iko mikononi mwa Tume ya Ushindani. Shirika la Viwango, yaani TBS, lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, na lina alama yake ya ubora. Lakini ofisa hawezi kusimama kwenye kila mnada. Mlinzi wa kwanza ni wewe.

MAJARIBIO UNAYOWEZA KUFANYA

1. Tupa. Chukua tupa ndogo iliyo mpya. Tupa kuukuu itakudanganya. Kwanza pitisha tupa juu ya msumari, ili mkono wako ujue chuma laini kinavyoumwa. Kisha pitisha taratibu kwenye makali ya kisu, karibu na mpini, mahali pasipoharibu kitu. Usijaribu mgongoni. Wahunzi wengine huacha mgongo laini kwa makusudi, ili kisu kisivunjike.

Tupa ikiuma kama katika msumari, kisu ni laini. Ikiteleza, au ikiuma kwa shida, kisu ni kigumu. Kwa panga na jembe, tupa ni lazima iume kiasi, kwa sababu tunavinoa kwa tupa. Lakini isiume kwa urahisi kama katika msumari.

2. Kupinda. Jaribio hili ni la panga. Weka ncha juu ya gogo, kandamiza kidogo, kisha achia. Panga zuri hurudi na kunyooka. Panga laini hubaki limepinda kama ukindu. Usikandamize kwa nguvu nyingi. Na usimpindie muuzaji panga lake bila ruhusa.

3. Kukata. Nunua kisu kimoja kabla ya kununua vingi. Kinoe vizuri. Kata mwanzi mkavu au mti mgumu mara ishirini au thelathini. Kisha geuza makali kwenye jua uyatazame. Makali mazuri hayaonekani, ni kama uzi mwembamba wa giza. Ukiona vidoa vinavyong'aa, makali yamelala: chuma ni laini. Ukiona mapengo kama meno ya mtoto, chuma ni kigumu mno.

4. Cheche. Hili ni la fundi mwenye jiwe la umeme, ambalo mafundi huliita grenda. Pamoja na kisu, mpelekee fundi vitu viwili: msumari na kipande cha tupa ya zamani. Aguse msumari kwenye jiwe. Cheche zake ni ndefu, na hazipasuki sana. Aguse tupa. Cheche zake ni nyingi, na zinapasuka kama nyota ndogo karibu na jiwe. Sasa aguse mgongo wa kisu. Je, cheche zinafanana na za msumari au na za tupa? Springi itakuwa katikati, ikielekea upande wa tupa. Fundi na watazamaji wavae miwani ya kazi. Jicho halinunuliwi mnadani.

Jaribio hili lina faida moja kubwa: linaonyesha kaboni iliyomo, hata kama kisu kimelegezwa na moto. Kama ningelifanya siku ile, nisingemwaibisha mzee.

5. Moto na mafuta. Hili ndilo alilofanya mzee mhunzi. Usilifanye kwa kisu ulichonunua, maana ukikosea utakiharibu. Mwombe mhunzi kipande kilichobaki cha chuma kile kile alichofulia. Akitie motoni mpaka kiwe chekundu. Kuna njia nzuri ya kujua moto umetosha: chuma kikifikia karibu nyuzi 770, sumaku haikivuti tena. Akiache motoni kidogo zaidi ya hapo, kisha akizamishe ghafula katika mafuta. Kikipoa, pitisha tupa. Ikiteleza, chuma kina kaboni ya kutosha. Kisha kifunge kwa kitambaa kizito, akipige kwa nyundo. Kikikatika kwa mara moja, ni pua. Kikipinda tu, ni chuma laini.

SUMAKU NA KISU KISICHOSHIKA KUTU

Watu wengi huniambia: "Mimi hujaribu kwa sumaku. Sumaku ikivuta, kisu ni kizuri." Hapana. Sumaku huvuta hata msumari. Kuvutwa si ushahidi wa ugumu.

Viko pia visu vyeupe visivyoshika kutu upesi. Chuma chao kimetiwa kromi, si chini ya kilo kumi na nusu katika kila kilo 100. Chuma hiki kina aina nyingi. Aina moja ni ya masufuria na vijiko. Mara nyingi sumaku haiivuti, nayo haikubali kukazwa kwa moto. Aina nyingine ni ya visu. Sumaku huivuta, na hukazwa kwa moto.

Kwa hiyo, kama kisu cheupe hakivutwi kabisa na sumaku, ujue kimetengenezwa kwa chuma cha vijiko. Hakitashika makali. Lakini kikivutwa, usishangilie bado. Endelea na tupa, kisha ukate.

Kung'aa pia si ushahidi. Chuma laini kinaweza kupakwa kitu cheupe juu. Mkwaruzo mdogo utaonyesha rangi nyingine chini yake. Wala kutu si ubaya. Kisu cha springi hushika kutu, tena upesi. Kifute, kipake mafuta kidogo, kiweke pakavu.

MAJARIBIO HAYA YANAFIKA WAPI?

Tusidanganyane. Majaribio haya hayawezi kukuambia kwa uhakika kila kitu kilichomo katika chuma. Kama mhuri unasema kisu kina kiasi fulani cha kromi, tupa haiwezi kukubali wala kukataa. Kazi hiyo ni ya maabara yenye vyombo vya kupima.

Lakini mkulima hahitaji kujua yote. Anahitaji kujua mambo matatu: kisu kinashika makali, hakipindi, na hakivunjiki. Mambo hayo unaweza kuyajua kwa tupa, kwa mkono, na kwa macho yako.

Na jaribio moja lisikutoshe. Ushahidi wa mmoja unaweza kupotosha. Fanya mawili au matatu. Yakikubaliana, sema. Yasipokubaliana, nyamaza kwanza, utafute sababu.

KABLA YA KULIPA, NA BAADA YA KULIPA

Kama mnanunua kwa kikundi, nunueni kisu kimoja kwanza. Kijaribuni kwa wiki moja. Kisha nunueni vingine kwa mtu yule yule.

Muulize muuzaji kama anakubali ujaribu kwa tupa. Mwenye mali nzuri hakatai. Anayekataa amekwisha kujibu swali lako. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Daini stakabadhi. Iandikwe jina la kitu, idadi, bei na tarehe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Bila stakabadhi, malalamiko yako ni hadithi tu.

Kama kisu ni kibaya, kwanza jiulize: je, kimepita motoni? Je, kimenolewa kwa jiwe la umeme mpaka kikageuka rangi ya bluu? Makali yakishaonyesha bluu wakati wa kunoa, ugumu wa mahali hapo umepotea. Hapo kosa si la mtengenezaji.

Kama kosa ni lake, nenda kwake kwanza. Mhunzi mwema atakirudisha motoni. Muuzaji mwema atakibadili. Wakikataa, peleka kisu na stakabadhi kwa ofisi ya kijiji au ofisa biashara wa wilaya. Usimtangaze mtu kuwa mwongo kabla hajasikilizwa. Mimi nilifanya hivyo, na karibu mbuzi wawili wa mzee wauzwe kwa sababu ya majivu ya jikoni.

JIBU LA BARUA

Ndugu yangu uliyeniandikia, fanya hivi. Chukua msumari na tupa mpya. Jaribu makali ya kisu chako karibu na mpini. Kama tupa inauma kama katika msumari, nenda kwa fundi mwenye jiwe la umeme, mtazame cheche. Zikiwa kama za msumari, umedanganywa. Chukua stakabadhi yako, kama unayo, umfuate muuzaji. Kisu hicho kitumie kumenyea ndizi.

Zikiwa kama za springi au tupa, usikitupe. Kama ni kisu cheusi cha kawaida, kipeleke kwa mhunzi. Kwa moto, mafuta na joto dogo la mwisho, huenda akakurudishia kisu kizuri kuliko ulichonunua. Kama ni kisu cheupe, usikubali kitiwe motoni kijijini. Chuma hicho kina moto wake, na pia cheche zake ni chache na fupi, hazifanani na za springi. Kwa kisu hicho tegemea tupa na jaribio la kukata.

Mzee yule mhunzi ameshastaafu. Mwanawe ndiye anayefua sasa. Mlangoni pa kiwanda chake ametundika msumari na tupa kwa kamba. Mteja akifika, kabla hajauliza bei, huambiwa: "Jaribu kwanza."

MASWALI YA KUJADILI DARASANI AU KIKUNDINI

1. Kwa nini kisu cha mama kilikuwa laini?

2. Tupa hujibu swali gani? Swali gani haliwezi kulijibu?

3. Katika kilo 100 za springi, kaboni ni zaidi ya kiasi gani?

4. Je, sumaku inatosha kujua kisu kizuri? Eleza.

5. Kikundi chenu kikitaka kununua mapanga ishirini, mtafanya nini kwanza?

MAANA YA MANENO

Bapa: sehemu pana ya kisu au panga.
Kaboni: kitu kilichomo kwa wingi katika makaa.
Koleo: chombo cha kushikia chuma cha moto.
Mvukuto: chombo cha kupulizia moto wa mhunzi.
Pua au feleji: chuma chenye kaboni ya kutosha kukazwa kwa moto.
Tupa: chombo cha kunolea na kusugulia chuma.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya mpini wa jembe: mti gani ukatwe, na ukaushwe kwa siku ngapi. Kwaherini, na kazi njema.

Ni mimi, Bwana Shamba wenu.